Siagi, Unga na Miaka ya Ukata: Kampuni za Chakula za Bonde la Ufa Zilivyomezana

Mnamo Septemba 1929, kampuni ya sabuni ya Lever Brothers ya Uingereza na kampuni ya majarini ya Margarine Unie ya Uholanzi zilitia saini mkataba wa kuwa kitu kimoja. Ndivyo Unilever ilivyozaliwa. Mwaka huohuo Marekani zilijitokeza General Foods na Standard Brands, nazo zikiwa zao la kampuni za vyakula kununuana. Fedha zilikuwa nyingi, hisa zilikuwa juu, na mabenki yalikopesha bila kigugumizi. Wiki chache baadaye soko la hisa la New York likaporomoka. Tangu hapo wachumi wamelitazama jambo hili mara nyingi na kuona mkondo uleule: uchumi unapopanda, kampuni kubwa hujaa ujasiri na kumeza ndogo, unaposhuka, mikataba hukauka.

Nakuru na majirani zake hawakuufuata mkondo huo. Hapa hapakuwa na soko la hisa wala matajiri wa kuchezea hisa. Kulikuwa na reli, mashamba makubwa yaliyotwaliwa kwa wenyeji, ng'ombe, ngano, mahindi na madeni. Muungano mkubwa wa kwanza wa viwanda vya chakula katika Bonde la Ufa ulifanyika 1931, uchumi ukiwa shimoni. Tangu wakati huo, karibu kila kampuni ya maziwa au unga iliyobadilisha mikono hapa imefanya hivyo katika mwaka ambao historia ya bei inaueleza vizuri kuliko hotuba za siku ya kutia saini. Anayetaka kujua kwa nini kampuni fulani ya bonde hili iliunganishwa au kuuzwa, naamini inampasa aulize kwanza mambo mawili: siagi au gunia la mahindi liliuzwa kiasi gani mwaka ule, na deni lilikuwa mikononi mwa nani.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na miaka minne baadaye Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Hugh Cholmondeley, yule Lord Delamere, akachukua eneo kubwa la ardhi pale Njoro na kuanza kujaribu kila kitu. Ng'ombe wake wakafa kwa maradhi na kwa upungufu wa madini katika udongo. Ngano yake ikaliwa na kutu, ugonjwa unaoacha shina likiwa na unga mwekundu kama chuma kilicholala mvuani. Akamwajiri mtaalamu wa mbegu ili atafute aina inayostahimili, na kazi iliyoanzia hapo ndiyo iliyoifanya Njoro kuwa kituo cha utafiti wa ngano hadi leo. Ngano ilipoanza kukubali, ilihitaji kinu. Mwaka 1908 ikaundwa Unga Limited, kampuni iliyopewa jina la Kiswahili na mabwana waliozungumza Kiingereza.

Upande wa magharibi, Lumbwa, mahali tunapopaita Kipkelion, walowezi waliunda chama chao cha ushirika mwaka huohuo wa 1908, na kiwanda chao cha siagi kikaanza kazi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita, mwaka 1919, serikali ya kikoloni ikawagawia mashamba wanajeshi wa Kizungu waliostaafu. Wengi hawakuwa wamewahi kushika jembe. Walikopa wakati bei za mazao zilikuwa nzuri, na mwaka 1920 na 1921 bei zikaanguka duniani kote. Juu ya hayo, serikali ikaipandisha rupia hadi shilingi mbili za Kiingereza, kisha ikaibadilisha kwa shilingi ya hapa. Aliyekuwa anadaiwa rupia akaamka deni limenenepa.

Msukosuko huo ndio uliozaa Kenya Farmers' Association, KFA, iliyochukua jina hilo mwaka 1923, makao yake yakiwa Nakuru. Wakulima wa mahindi walikuwa wamejifunza kwa uchungu kwamba mtu mmoja mwenye magunia mia tatu kwenye stesheni ya reli hana sauti mbele ya mnunuzi wa Mombasa, sembuse wa London. Mwaka 1925 wafugaji wa Naivasha nao wakaanzisha Kenya Co-operative Creameries, KCC. Kukawa na kiwanda cha siagi cha Lumbwa, cha Naivasha, na cha tatu Nanyuki, ng'ambo ya milima ya Nyandarua. Bei ziliporudi kupanda katikati ya miaka ya 1920, kila kimoja kilijiona kinajitosheleza.

Biashara ya siagi yenyewe ilikuwa hivi. Mlowezi hakupeleka maziwa kiwandani, kwa kuwa barabara ya udongo na jua la mchana vingeyaharibu. Aliyapitisha shambani kwenye mashine ya krimu, iliyozungushwa kwa mkono na kibarua saa za alfajiri na tena jioni. Krimu ikatoka bomba moja, maziwa yaliyobaki yakatoka jingine. Hayo ya pili yalinyweshwa ndama na nguruwe, au yakawa sehemu ya posho ya vibarua. Krimu ilijazwa kwenye makopo ya bati, ikapakiwa kwenye gari la maksai hadi stesheni, na kiwandani ikaonjwa, ikapimwa mafuta, ikapangwa daraja. Mfugaji alilipwa kwa ratili ya mafuta, siyo kwa wingi wa alichopeleka. Kiwanda nacho kilikuwa na gharama ambazo hazikupungua hata krimu ikipungua: tanuri la mvuke, kuni, mashine za kusukia siagi, mishahara, barafu, nauli ya reli na ya meli.

Sasa ulete mdororo wa 1929 juu ya hayo. Siagi ya Kenya ilikuwa inauzwa nje, na huko nje ilikutana na siagi ya New Zealand, Australia na Denmark, ambazo nazo zilitafuta mlo wa mnunuzi asiye na kazi. Bei za mahindi zikaanguka pia. Nzige walikuwa wameingia tangu 1928 na kumaliza mashamba, na ukame ukafuata. Viwanda vitatu vikawa vinagombania krimu ileile iliyopungua, kila kimoja kikipandisha kidogo bei kwa mfugaji ili asihamie kwa mwenzake, kisha vyote vitatu vikishushiana bei mbele ya mnunuzi yuleyule. Hesabu hiyo haina mwisho mwema. Mwaka 1931 Lumbwa, Naivasha na Nanyuki vikaungana chini ya jina la KCC, ikasajiliwa chini ya sheria mpya ya vyama vya ushirika ya mwaka huohuo.

Muungano huo haukusimama kwa miguu yake peke yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaousimulia kama ushujaa wa wakulima kujitegemea. Serikali ya kikoloni iliuegemeza kila upande. Sheria ya mwaka 1930 iliamuru ngano yote iuzwe kupitia mfuko mmoja, na wakala wake alikuwa KFA. Siagi iliyouzwa ndani ya nchi ikatozwa ada ili kufidia hasara ya siagi iliyouzwa nje. Kwa maneno mengine, mpishi wa Nairobi alimlipia mnunuzi wa London. Benki ya Ardhi ikafunguliwa 1931 ili walowezi wapate mikopo wakati mabenki ya kibiashara yamefunga mkono. Delamere mwenyewe alifariki Novemba mwaka huo akiacha madeni makubwa ya benki. Kama yeye, aliyekuwa miongoni mwa wenye ardhi kubwa zaidi, alikufa akidaiwa, mtu anaweza kupima hali ya wengine.

Na wapo ambao hawakuitwa kwenye muungano. Maskwota wa Kikuyu na wa Kikalenjin waliofanya kazi kwenye mashamba hayo walikuwa na mifugo yao, na katika miaka ya 1920 baadhi yao walikuwa na makundi makubwa ya ng'ombe na mbuzi. Walowezi wa Naivasha na Nakuru waliyaona makundi hayo kuwa tishio la maradhi na la ushindani, wakaamuru yapunguzwe au yaondolewe. Maskwota waliiita operesheni hiyo kifagio, kwa kuwa ilifagia. Kwa hiyo wakati krimu ya wakulima wakubwa inaunganishwa chini ya dari moja, ng'ombe wa mtu aliyekuwa anazungusha ile mashine alfajiri walikuwa wameshauzwa kwa bei ya kutupa. Mdororo uliwaunganisha wenye mali na kuwatawanya wasio nayo katika miaka ileile, katika mashamba yaleyale. Sioni namna ya kuandika historia ya KCC ukaliacha hili nje.

Vita vya Pili vikaleta neema. Majeshi yalihitaji siagi, nyama na mahindi. Bei zikahakikishwa na serikali, na mwaka 1942 kukawa na udhibiti wa mahindi yote. KFA na Unga zilikuwa zimeshikana kiasi kwamba mwandishi Elspeth Huxley, ambaye mama yake alilima Njoro, aliandika historia ya zote mbili katika kitabu kimoja mwaka 1957. Uhuru ulipokuja, mashamba yakagawanywa au kununuliwa na vyama na kampuni za wananchi, na wafugaji Waafrika wakawa wengi katika KCC. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi akatangaza maziwa ya shule. Waliosoma miaka ya 1980 wanayakumbuka kwa jina la maziwa ya Nyayo. KCC ikapanuka, na serikali ikawa mteja wake mkubwa na pia mlipaji wake mzito. KFA nayo ikavunjwa mwaka 1984 kwa amri ya kisiasa na kufanywa Kenya Grain Growers Co-operative Union, halafu 1996 ikarudishiwa jina lake la zamani ilhali nguvu zimeshakwisha.

Miaka ya 1990 inahitaji kutazamwa polepole. Mwaka 1992 KCC ilipoteza haki yake ya kuwa peke yake katika kusindika na kuuza maziwa mijini. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Wafadhili walikuwa wamefunga misaada, shilingi imeanguka, riba imepanda. Kampuni yenye deni katika hali kama hiyo haiwezi kupumua, na KCC ilikuwa na deni, wafanyakazi wengi kupita kiasi, na wakubwa walioteuliwa kwa siasa. Kwanza ilichelewesha malipo ya wafugaji kwa mwezi, kisha kwa miezi. Mfugaji wa Molo au Olenguruone hakuwa na sababu ya kungoja. Alimgeukia mchuuzi wa maziwa aliyekuja na mtungi kwenye baiskeli na kulipa taslimu, na sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya ikatoka kwenye mkondo wa viwanda hadi leo. Kiwanda kikakosa maziwa, na kiwanda kisicho na maziwa hakiwezi kulipa deni. Ni mzunguko uleule wa 1930, ila safari hii hapakuwa na sheria ya kukiokoa.

Kufikia mwaka 2000 uchumi wa Kenya ulikuwa umesimama. Ukame ulikuwa umekausha mabwawa, umeme ukagawiwa kwa zamu. Katika mwaka huo KCC, iliyokuwa imeshaangukia mikononi mwa mrasimu, ikauzwa kwa watu binafsi na kuitwa KCC (2000) Limited. Viwanda, magari, vituo vya kupozea maziwa, ardhi ya mijini: mali ya miaka 75 ilibadilisha mikono katika mwaka mbaya kuliko yote kwa muuzaji. Wafugaji waliokuwa na malimbikizo yao hawakulipwa kwa mauzo hayo. Mwaka 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki ilikirudisha chama hicho kwa umma kwa shilingi milioni 547, ikakiita New KCC.

Kinu cha Delamere nacho kilikuwa kimefika njia panda wakati huohuo. Soko la mahindi lilipofunguliwa mwaka 1993, vinu vidogo viliota kila mtaa, na Unga ikajikuta na mitambo mikubwa na faida nyembamba. Ilipofika mwanzo wa karne mpya, Seaboard, kampuni ya Marekani, ikaingia na kuchukua asilimia 35 ya biashara zake za kusaga. Mwaka 2002 Unilever, yule mtoto wa Septemba 1929, ikaamua kupunguza bidhaa zake duniani na kuiuzia Bidco ya Thika mafuta ya Kimbo na Cowboy. Tazama mpangilio: KCC, Unga, Kimbo. Majina matatu ambayo hayakukosekana katika jiko la Kenya, yote yakahama au kufunguliwa kwa mwenye hisa mpya ndani ya miaka mitatu ambamo uchumi ulisuasua. Aliyekuwa na fedha taslimu wakati huo alinunua kwa bei ambayo miaka kumi baadaye asingeiota.

Baada ya 2003 upepo ukageuka. Uchumi ulikua hadi karibu asilimia 7 mwaka 2007, na wakazi wa mijini wakaanza kununua maziwa ya pakiti na mtindi. Januari 2008 fujo za baada ya uchaguzi ziliikumba Nakuru, Molo na Kuresoi. Watu waliuawa, wafugaji wakakimbia, na ng'ombe wakaachwa bila kukamuliwa. Kampuni ndogo za maziwa zilizotegemea eneo moja tu ziliumia kwa namna ambayo kampuni yenye vituo kila upande wa nchi haikuumia. Brookside, kampuni ya familia ya Kenyatta iliyoanza 1993 Ruiru, ilikuwa na vituo hivyo na ilikuwa na fedha. Katika miaka iliyozunguka kipindi hicho ikachukua jina la Delamere lililokuwa kwenye mitindi, na ikainunua Spin Knit ya Nakuru iliyokuwa ikiuza maziwa ya Tuzo. Mwaka 2013 ikamalizia na Buzeki, wenye Molo Milk. Mwaka 2014 kampuni ya Danone ya Ufaransa ikanunua asilimia 40 ya Brookside yenyewe.

Hii ndiyo sura ya ununuzi wa neema, na inatofautiana na ule wa 1931. Hapa hakuna anayeokoana. Mnunuzi anatafuta vitu viwili: jina ambalo mama mwenye duka tayari analiagiza, na njia ya kuelekea kwa ng'ombe. Cha pili ndicho cha thamani zaidi. Maziwa ya asubuhi yakikamuliwa saa kumi na moja, yanabebwa kwa bodaboda kwenye mitungi ya alumini hadi kituo cha kupozea. Pale karani anazamisha kipimo kuangalia kama yametiwa maji, kisha anachanganya kidogo na spiriti kuona kama yanaganda. Yakikataliwa, hakuna mahali pengine pa kuyapeleka kabla hayajachacha. Anayemiliki kituo kile ndiye soko. Sheria ya ushindani ya 2010, na mamlaka iliyoundwa kuisimamia, hupima soko la nchi nzima au la sehemu kubwa ya nchi. Kwa mfugaji, soko ni umbali ambao mtungi unaweza kusafiri kwa saa chache. Kampuni mbili zinapokuwa moja, takwimu za taifa zinaweza kusogea kidogo tu ilhali katika kata moja ya Molo wanunuzi wawili wamebaki mmoja. Ni haki kusema pia kwamba kampuni kubwa zilileta matangi ya kupozea na malipo ya kila mwezi yasiyokosa, jambo ambalo KCC ya miaka ya 1990 ilishindwa. Lakini bei ya lita huamuliwa mbali na boma.

Unga ulirudi tena katika mzunguko. Ukame wa 2016 na 2017 ulipandisha bei ya unga wa sima hadi serikali ikaweka ruzuku, pakiti ya kilo mbili ikauzwa kwa shilingi 90. Mwezi wa Februari 2018, vumbi la ukame huo halijatua, Seaboard ikatoa ofa ya shilingi 40 kwa kila hisa ili kuitwaa Unga yote. Haikupata hisa za kutosha, ikashindwa. Ofa hiyo nayo ilifika baada ya mwaka mgumu.

Upande wa rejareja, bonde hili limezaa zaidi ya sehemu yake. Nakumatt ilianza kama Nakuru Mattresses. Tuskys na Naivas zote zina chimbuko la familia zilizofanya biashara Rongai, Nakuru. Zilikua pamoja na mikopo nafuu na mishahara iliyopanda. Nakumatt ilipoelemewa na madeni mwaka 2017, mpango wa kuiunganisha na Tuskys ulizungumzwa na haukutimia. Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi, na mwaka 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Tuskys ikafuata njia hiyohiyo wakati wa korona. Waliowauzia maziwa na unga kwa mkopo walibaki na hati za madai. Naivas ilibaki, na mwaka 2022 IBL ya Mauritius pamoja na wenzake wakanunua asilimia 40. Mauzo hayo yalifanyika wakati washindani wawili wakubwa wameshaondoka uwanjani, na waliouza walikuwa na nguvu ya kusema bei.

KCC haikupata nafasi ya namna hiyo mwaka 2000. Na Novemba 2023, shilingi ikiwa imeteremka kupita 150 kwa dola na hazina ikihangaikia deni la nje, serikali iliorodhesha New KCC kati ya mashirika 11 ya kuuzwa. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha sheria iliyotumiwa kuandaa mauzo hayo, na serikali ikarudi Bungeni na mswada mwingine. Wakati huo haikuwa imeelezwa wazi ni sehemu gani ya hisa ingewekwa kando kwa wafugaji, wala ni bei ya mwaka gani ingetumiwa kuthamini viwanda vilivyojengwa kwa makato ya maziwa yao.